Uchungu, Ukakasi na Ukali: Hitilafu za Rangi na Ladha katika Ajon ya Chakol

Miongoni mwa Waiteso wanaoishi Chakol, Amukura na vijiji vinavyoelekea mpaka wa Malaba, pombe ya wimbi iitwayo ajon haihesabiwi kuwa kinywaji tu. Hunywewa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja kilichowekwa katikati ya wanywaji, nayo huandamana na matanga, mavuno na kazi za ujima shambani. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waiteso wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha maarufu kuhusu unywaji huo. Humo alionyesha kwamba chungu cha pamoja ni picha ya umoja wa watu na papo hapo ni mahali pa shaka, kwa maana anayekunywa na wenzake huwa amejiweka mikononi mwao.

Hapo ndipo uzito wa mada hii unapojitokeza. Pombe ikitoka nyeusi ilhali ilitarajiwa kuwa ya hudhurungi hafifu, au ikiacha uchungu ulimini, mpikaji hapotezi wimbi na kuni peke yake. Hupoteza wateja ambao fedha zao hulipa karo ya watoto, na mbele ya wanywaji wenye shaka huenda akapoteza hata jina lake jema. Makala haya yanachunguza namna hitilafu hizo mbili, ya rangi na ya ladha, zinavyozuka, na namna zinavyoweza kufuatiliwa hadi kwenye chanzo. Hoja yake kuu ni kwamba ufuatiliaji huo huanza na lugha. Mpikaji asiyepewa jina sahihi la kasoro atarekebisha kitu kisichokuwa na kosa.

Ladha na majina yake

Kiswahili kinachozungumzwa mpakani ni lugha ya kukutanisha Mwiteso, Mluhya, mfanyabiashara kutoka Tororo na dereva wa lori anayesubiri hati zake zipigwe muhuri. Katika mazungumzo hayo ya haraka, mnywaji asiyeridhika husema aghalabu moja kati ya kauli mbili: "pombe ni chungu" au "pombe ni kali". Kauli zote mbili hazitoshi.

Neno "kali" limebeba mizigo mingi mno. Kisu ni kikali, mbwa ni mkali, jua ni kali, ndimu ni kali, na pombe yenye kileo kingi ni kali pia. Anayelalamika kwamba ajon "imekuwa kali" anaweza kuwa anasema imechacha kupita kiasi, au kwamba imemlewesha kabla ya wakati. Lalamiko la kwanza ni kasoro. La pili, kwa wanywaji wengi, ni sifa. Kwa uchachu wenyewe lugha inayo maneno bora zaidi: "uchachu" na "ugwadu", yaani ladha ile ya ukwaju au ya embe bichi inayomfanya mtu akunje uso.

"Uchungu" ni ladha ya shubiri, ya mwarobaini na ya vidonge vya klorokwini ambavyo vizazi vilivyotangulia vilivimeza kwa kutetemeka. Husikika zaidi nyuma ya ulimi na hukawia kuondoka. Ama "ukakasi" si ladha hasa bali ni hisia: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani, meno yanakuwa kana kwamba yamepakwa chokaa. Ndizi mbichi ina ukakasi, na zambarau ambayo haijaiva vizuri ina ukakasi. Siku hizi waandishi wa magazeti wamelichukua neno hili na kulitumia kwa mambo ya siasa, wakiandika juu ya uamuzi "wenye ukakasi", hata wanafunzi wengi hulifahamu kwa maana ya sitiari kabla ya kuifahamu ile ya kinywani. Ni hasara ndogo, lakini ni hasara.

Tofauti hii si ya wanakamusi pekee. Uchungu katika ajon hutoka mara nyingi kwenye unga ulioungua au kwenye kimea kibaya. Ukakasi hutoka kwenye tanini zilizomo katika ganda la nafaka. Uchachu ni kazi ya bakteria. Vyanzo ni vitatu, na tiba zake hazifanani. (Kwamba neno "chungu" hutaja pia chombo chenyewe cha kupikia ni sadfa ya homonimia ambayo imewafurahisha wanywaji wengi kuliko ilivyowafurahisha wapikaji.)

Jambo moja zaidi linapaswa kusemwa kuhusu uchungu. Bia za kiwandani, ambazo Kenya Breweries ilianza kuzitengeneza mwaka 1922, hutiwa hopsi, maua ya mmea utambaao ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea cha shayiri ili kuupa mchanganyiko uchungu na kuuhifadhi usiharibike. Katika bia hiyo uchungu umekusudiwa, mtengenezaji huupima. Ajon haina hopsi. Hakuna kiungo chochote ndani yake kilichowekwa kwa ajili ya uchungu, na kwa hiyo uchungu ukionekana, umeingia bila kualikwa. Mnywaji aliyezoea chupa huweza kuustahimili na kuuona wa kawaida, jambo linalochelewesha kugunduliwa kwa kosa.

Rangi na moto

Utengenezaji wa ajon una mikondo miwili inayokutana mwishoni. Katika mkondo wa kwanza, unga wa wimbi hukandwa na maji kidogo hadi uwe donge zito, ukafunikwa kwa siku kadhaa, pengine juma zima, mpaka uchache. Donge hilo hukaangwa juu ya moto hadi libadilike rangi, kisha huanikwa juani. Katika mkondo wa pili, punje za wimbi hulowekwa, hufunikwa kwa gunia au majani hadi zichipue, hukaushwa juani na kusagwa kuwa kimea. Hatimaye unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji, vikaachwa siku mbili hadi nne viumuke. Majirani wa Kiluhya hufuata njia hiyo hiyo kwa busaa, isipokuwa unga wa kukaangwa mara nyingi huwa wa mahindi.

Anayetafuta chanzo cha rangi na aanze kwenye kikaango. Donge lililochacha lina sukari kidogo na asidi za amino zitokanazo na protini; vitu hivi viwili vinapokutana na joto hutengeneza rangi ya hudhurungi na harufu ya mkate uliookwa. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mmenyuko huo mwaka 1912, nao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ndio uipao ajon sura na harufu yake, na bila huo kingebaki kinywaji cha rangi ya uji. Moto huo huo hufanya kazi ya pili isiyoonekana: huilegeza wanga ya wimbi ili vimeng'enya vya kimea viweze kuivunja kuwa sukari, ambayo hamira huigeuza kuwa kileo. Ndiyo maana kukaanga hakuwezi kuachwa kwa kisingizio cha kutaka pombe nyeupe. Mpikaji aliyekaanga kidogo mno atapata rangi nzuri na kinywaji dhaifu.

Tatizo huzuka pale hudhurungi inapopita mpaka na kuwa makaa. Zamani donge lilikaangwa juu ya vigae vizito vya udongo, vilivyopata joto polepole na kulisambaza sawasawa. Leo kikaango kilichozoeleka ni bati au pipa la mafuta lililopasuliwa na kubapazwa na mafundi wa jua kali. Chuma hicho chembamba huwaka sana palipo na moto na kubaki vuguvugu pembeni. Matokeo ni kwamba ndani ya kikaango kimoja huwa mna unga mbichi, unga ulioiva na unga ulioungua. Mpikaji anayetazama kwa mbali huona rangi ya wastani, akaridhika. Lakini uchungu haugawanyiki kwa wastani. Mabonge machache yaliyokuwa makaa yanatosha kuharibu chungu kizima.

Marekebisho yake ni mepesi kuyaeleza, ingawa yanachosha mkono: moto wa kuni chache, donge kumegwa vipande vidogo vya ukubwa unaolingana, na kugeuza bila kupumzika. Unga unapoepuliwa, kwanza utandazwe, mabonge meusi yachaguliwe na kutupwa kabla ya kupondwa, kwa sababu yakishapondwa hayatengeki tena. Ikumbukwe pia kwamba unga huendelea kujipika kwa joto lake wenyewe ukiachwa umerundikwa. Aliyeepua kwa rangi aliyoitaka na kurundika atakuta rangi asiyoitaka.

Historia ya bia ya Ulaya inaunga mkono jambo hili. Kwa karne nyingi bia nyingi za huko zilikuwa za rangi iliyokoza, kwa kuwa kimea kilikaushwa juu ya moto wa kuni usiodhibitika vyema. Bia ya rangi ya dhahabu iliyoufanya mji wa Plzeň, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Cheki, ujulikane duniani ilitengenezwa mwaka 1842 kwa kimea kilichokaushwa kwa hewa ya moto badala ya moshi, na kwa maji ya mji huo yasiyo na chumvichumvi nyingi. Weupe wa bia, kwa maneno mengine, ulipatikana kwa kuutawala moto na kwa kubahatika kupata maji mazuri.

Uchungu na ukakasi usiotoka motoni

Iwapo unga uliokaangwa hauna makaa na bado kinywaji kina kasoro, macho yaelekezwe kwenye nafaka. Wimbi wenyewe si wa aina moja. Kuna wenye punje nyeupe, wenye punje nyekundu na wenye punje za kahawia iliyokoza, na kwa kawaida tanini huwa nyingi zaidi katika punje za rangi nzito kuliko katika zile nyeupe. Gunia lililonunuliwa katika soko la Busia au Malaba huenda likawa na wimbi wa mashamba mengi ya pande zote mbili za mpaka, umechanganywa na wachuuzi bila kujali mbegu. Mpikaji aliyetumia gunia kama hilo mwezi uliopita akapata pombe hafifu, na mwezi huu akapata ya kahawia nzito yenye ukakasi, huenda hajabadilisha chochote katika upishi wake. Kilichobadilika ni gunia. Kulichota kiganjani na kulitazama juani kabla ya kulipa ni kazi ya dakika moja.

Hali huwa ngumu zaidi mtama unapochukua nafasi ya wimbi, jambo ambalo bei hulazimisha mara kwa mara. Mitama mingi ya kahawia hupandwa kwa sababu ndege huiogopa, na ndege huiogopa kwa sababu ya tanini zile zile zinazomkausha mnywaji mashavu. Tanini hizo hufanya madhara ya pili: hushikamana na vimeng'enya vya kimea na kuvizuia kufanya kazi, hivi kwamba kinywaji kinakuwa na ukakasi na wakati huo huo kinakosa nguvu. Wakulima wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, waligundua ufumbuzi wao tangu zamani: huloweka mtama katika maji ya majivu ya kuni kabla ya kuuotesha, na utafiti wa maabara umethibitisha kwamba njia hiyo hupunguza tanini. Ni elimu ya kienyeji ambayo ingestahili kuvuka hadi Chakol pamoja na magunia.

Kimea nacho kina uchungu wake. Punje inapochipua hutoa mizizi midogo na chipukizi, na sehemu hizo ni chungu. Viwanda vya shayiri huziondoa kabla ya kutumia kimea. Nyumbani, kimea kikishakauka, inatosha kukifikicha baina ya viganja na kukipepeta kwenye ungo. Mpikaji aliyechelewa kuanika hadi chipukizi zikawa ndefu ana la kupepeta zaidi. Kwa mtama jambo hili si la ladha tu, kwa kuwa chipukizi za mtama huwa na kemikali inayoweza kuzalisha sianidi. Kimea cha mtama kisichopepetwa hakifai kutiwa katika kinywaji.

Nalo joto la maji lina sehemu yake. Ajon huongezwa maji ya moto chunguni kadiri wanywaji wanavyoendelea, na kila nyongeza hukamua machicha upya. Maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye mchemko huvuta tanini nyingi kuliko maji ya moto wa kadiri. Kwa hiyo chungu kilichosifiwa jioni huweza kulaumiwa usiku wa manane, na lawama ikamwendea mpikaji badala ya mwenye birika.

Maji na chuma

Iko hitilafu moja ya rangi ambayo huwashangaza watu kwa sababu haifanani na kuungua. Pombe haiwi ya kahawia bali inakuwa na weusi wa kijivu, kama maji yaliyooshewa kalamu. Mfano huo si wa kubuni. Wino uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa kuchanganya tanini za miti na chumvi ya chuma, na mchanganyiko kama huo hutokea ndani ya pipa la pombe lenye kutu. Tanini za wimbi hukutana na chuma, na kinywaji kinakuwa wino hafifu. Ladha yake huchanganya ukakasi na ladha ya msumari.

Chuma chaweza kutoka kwenye pipa, kwenye sufuria iliyobanduka rangi, au kwenye maji ya kisima ambacho mabomba yake yameliwa na kutu. Kipimo chake hakihitaji maabara. Majani ya chai nayo yana tanini. Basi maji yanayoshukiwa yachemshwe yatengenezewe chai ya rangi, na kando yake itengenezwe nyingine kwa maji ya mvua. Ile ya maji yenye chuma itakuwa na weusi mchafu. Maji yakionekana safi katika jaribio hilo, shuku inahamia kwenye pipa, na jibu ni kurudi kwenye chungu cha udongo au kununua chombo cha plastiki kilichokusudiwa chakula.

Kwa mfano huo huo wa chai, mpikaji aweza kutenganisha vyanzo vyote kabla ya kuhatarisha mapishi mazima. Katika kikombe cha kwanza atie unga uliokaangwa na maji ya moto. Katika cha pili, kimea na maji baridi. Cha tatu kibaki na maji matupu. Baada ya nusu saa aonje na kutazama kimoja kimoja. Kikombe cha kwanza kikiwa kichungu, moto ulizidi. Cha pili kikiwa kichungu, kimea hakikupepetwa au kimeharibika. Ukakasi ukiwa katika vyote viwili, nafaka yenyewe ndiyo yenye tanini. Endapo vikombe vyote ni vizuri na pombe ikatoka mbaya, kosa limo katika chombo au katika siku za kuumuka, na hapo kasoro mara nyingi huwa ni uchachu ulioitwa uchungu kwa makosa.

Kuhusu kuokoa pombe iliyokwisha kuharibika, hakuna mengi ya kusema. Kilichoungua hakiunguuki. Sukari inayotiwa ili kufunika uchungu huliwa na hamira, uchungu ukarudi kesho yake ukifuatana na kileo kingi zaidi. Kuchanganya na pombe nzuri kwaweza kupunguza ukakasi, ila mara nyingi huzaa vyungu viwili vya wastani badala ya kimoja kizuri.

Ukungu

Imebaki sababu moja ya uchungu na weusi ambayo haipaswi kuchanganywa na nyingine. Punje zinazoota katika unyevu bila kugeuzwa, au nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka, huota kuvu. Kimea hicho huwa na madoa ya kijani au meusi, harufu ya uvundo, na mara nyingi uchungu. Ipo fikira iliyoenea kwamba nafaka mbovu isiyofaa ugali yafaa pombe, kwa vile moto na uchachu vitaisafisha. Fikira hiyo ni ya hatari. Baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini, yaani sumukuvu, ambayo haimalizwi na joto la kikaango wala na kuumuka. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha mkasa Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya: wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafariki. Utafiti juu ya busaa ya Bomet, uliochapishwa mwaka 2014, ulithibitisha kwamba sumukuvu hufika hadi ndani ya kinywaji.

Hapa ndipo elimu ya ladha inapofikia kikomo chake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni ada mpikaji kuonja mbele ya wageni kabla hawajanywa, ili kuonyesha kwamba chungu ni salama. Ada hiyo hujibu shaka aliyoieleza Karp, na humfichua aliyeunguza unga. Haimfichui aflatoksini, ambayo haina ladha wala rangi katika kiasi kinachodhuru. Uvundo na uchungu wa kuvu ni dalili kwamba sumu yaweza kuwamo. Kukosekana kwake si ushahidi kwamba haimo. Ulinzi uliopo ni wa kabla ya kuonja: kuanika nafaka hadi punje ikiumwa ivunjike kwa mlio, kuihifadhi juu ya chaga mbali na sakafu, kuotesha kimea katika tabaka jembamba linalogeuzwa kila siku, na kutupa kilichoota madoa. Wala kisitupwe zizini. Machicha na nafaka mbovu vinavyopewa ng'ombe hupitisha sehemu ya sumu hiyo kwenye maziwa, na maziwa ya Chakol hunywewa na watoto ambao hawajawahi kushika mrija.